Kupiga marufuku aina za mbwa au kumbana mwenye mbwa: kamati ya mtaa Nairobi ichague ipi?

Mbwa akimuuma mtoto kwenye maegesho ya ploti saa kumi jioni, kufikia saa mbili usiku kundi la WhatsApp la wakazi limeshagawanyika. Kuna wanaotaka Pitbull, Rottweiler na Boerboel watoke mtaani kabla ya mwisho wa mwezi. Kuna wanaosema mbwa hana kosa, abanwe mwenye mbwa. Kamati inabaki na siku chache za kuandika kanuni kabla hasira hazijapoa na watu kuanza tena kususia mikutano. Maelezo haya ni ya kamati hiyo, na ya landilodi ambaye kila mpangaji mpya anamuuliza kama mbwa anaruhusiwa.

Tuseme mapema tunakoelekea. Kwa mitaa mingi ya Nairobi, kanuni inayomfuata mwenye mbwa inafaa zaidi kuliko orodha ya aina. Lakini ina sharti ambalo kamati nyingi hulikwepa: lazima awepo mtu wa kushika daftari la kusajili mbwa wa mtaa. Pasipo daftari, kanuni zote mbili ni karatasi tu.

Sheria iliyopo inamtazama nani

Sheria za Kenya hazina orodha ya aina za mbwa zilizopigwa marufuku. Kinachotazamwa ni mwenye mbwa. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kuwa mkosaji mtu ambaye, kwa uzembe wa kuhatarisha wengine, hachukui tahadhari dhidi ya madhara yanayoweza kuletwa na mnyama wake. Kuna Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya mwaka 2015 kuhusu udhibiti na ustawi wa mbwa, inayodai leseni.

Kile kibao cha "Mbwa Kali" getini hakimwondolei mtu wajibu huo. Mbele ya hakimu kinaweza hata kumgeuka mwenyewe, maana kinaonyesha alijua mbwa wake ni wa namna gani.

Kwa hiyo kamati inayoandika kanuni ya kumbana mwenye mbwa inajenga juu ya msingi uliopo. Inayoandika orodha inaanza upya, na itatetea kila jina lililomo. Kwenye nyumba za kumilikiwa kwa vitengo, Sheria ya Sectional Properties ya mwaka 2020 inalipatia shirika la wamiliki nguvu ya kuweka kanuni zinazowafunga wote. Kwenye ploti ya kukodisha, mahali pa kanuni ni ndani ya mkataba wa kupanga, si kwenye tangazo lililobandikwa ngazini. Mpangaji aliyeingia na mbwa wake kwa ruhusa ukimwambia amtoe katikati ya mkataba, unakaribisha kesi.

Marufuku: ilivyokwenda kwingine

Uingereza ndiyo hutajwa zaidi. Sheria yake ya mwaka 1991 ilipiga marufuku aina nne: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Mwaka 1997 ililegezwa ili mahakama iweze kumwacha mbwa wa aina hizo aishi kwa masharti akionekana si hatari. Kisha, zaidi ya miaka thelathini baada ya orodha ya kwanza, ikabidi XL Bully aongezwe: kuanzia 31 Desemba 2023 ilikuwa marufuku kumuuza au kumzalisha England na Wales, na kuanzia 1 Februari 2024 kummiliki bila cheti cha msamaha kukawa kosa. Orodha ya aina haifiki mwisho. Ukimfungia mbwa mmoja mlango, mzalishaji anatafuta mwingine mwenye nguvu zile zile na jina jingine.

Angalia pia wanavyomtambua huyo XL Bully. Hawategemei karatasi za ukoo, wanapima. Dume huanzia inchi 20, kama sentimita 51, kutoka ardhini hadi juu ya mabega. Jike inchi 19, kama sentimita 48. Baada ya hapo wanalinganisha kichwa, taya na kifua na maelezo yaliyoandikwa. Kazi hiyo inahitaji watu waliofunzwa, na bado kuna ubishi. Sasa mkabidhi futikamba soja wa geti la Donholm saa moja jioni, foleni ya magari ikiwa nyuma yake.

Uholanzi iliweka marufuku ya Pitbull mwaka 1993 ikaiondoa 2008, kwa sababu watu kuumwa hakukupungua. Italia iliacha orodha yake mwaka 2009 na kuandika wajibu badala yake: kila mbwa akiwa mahali pa umma awe kwenye kamba isiyozidi mita 1.5, na mwenyewe awe na kifunga mdomo mkononi hata kama hakijavaliwa. Denver, Marekani, ilishikilia marufuku ya Pitbull tangu 1989 hadi wapiga kura walipoibadilisha kuwa kibali maalum mwaka 2020. Wapo walioshikilia msimamo: jimbo la Ontario, Kanada, tangu 2005, na Denmark, iliyofikisha aina 13 mwaka 2010. Calgary, mji wa Kanada hiyo hiyo, ilikwenda njia nyingine kabisa: leseni kwa kila mbwa, ada nafuu kwa aliyefungwa uzazi, na faini inayouma kwa mwenye mbwa aliyeuma. Huo ndio mfano ambao mtaa wa Nairobi unaweza kuuiga bila kuajiri mtaalamu wa mifupa ya vichwa.

Orodha inapofika getini

Mbwa wengi wa Nairobi hawana karatasi. Hati za ukoo zinazoaminika hutolewa na East Africa Kennel Club, na mbwa wenye hati hizo ni wachache ukilinganisha na wale walionunuliwa kwa picha ya simu au kando ya barabara. "Rottweiler" wa jirani ni Rottweiler kwa sababu muuzaji alisema hivyo. Rangi nyeusi yenye madoa ya kahawia juu ya macho wanayo Rottweiler, Dobermann, na machotara chungu nzima ya German Shepherd na mbwa koko. Kichwa kipana na manyoya mafupi havimfanyi mbwa kuwa Pitbull. Chotara wa Boxer anavyo vyote viwili.

Ndiyo maana siku ya pili baada ya marufuku, kila Pitbull wa mtaa hugeuka "mix". Asiyegeuzwa jina hufichwa. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko meno yenyewe. Mbwa aliyefichwa hatolewi nje, hakutani na watu, na hapelekwi kuchanjwa, kwa kuwa mwenyewe anaogopa kuonekana naye akipita getini. Mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na maambukizi hukatika pale angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapokuwa wamechanjwa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo kufikia 2030. Kanuni inayosukuma mbwa gizani inavuta upande mwingine.

Tuwe wa haki, wanaotaka marufuku wana hoja moja nzito. Chihuahua akikosea, unafunga bendeji. Boerboel dume anaweza kuzidi kilo 60, na akimwangusha mtoto hakuna mama wala soja atakayemtoa kwa mikono mitupu. Ukubwa una maana. Lakini kama hofu ni ukubwa, andika ukubwa. Mizani haihitaji ubishi wa ukoo: mwenye mbwa anajipima akiwa amembeba, kisha anatoa uzito wake mwenyewe, au daktari wa mifugo anaandika uzito kwenye kadi ya chanjo.

| Jambo | Orodha ya aina | Kumbana mwenye mbwa |
|---|---|---|
| Kuandika | Ukurasa mmoja, jioni moja | Wiki kadhaa za mashauriano |
| Anayeamua getini | Soja, kwa macho | Daftari |
| Mbwa koko mkali | Hagusiki | Anashikwa sawa na wengine |
| Chanjo | Hushuka, mbwa wanafichwa | Hupanda, ni sharti la kusajiliwa |
| Inapovunjika | Ubishi wa "huyu si Pitbull" | Kamati ikichoka kufuatilia |

Mstari wa mwisho usiupite haraka. Kanuni ya wajibu huoza kimya kimya, na hakuna anayegundua hadi mtoto wa pili ang'atwe.

Kwa nini mbwa wa Nairobi huuma

Ratiba ya mbwa wengi wa ulinzi hapa inajulikana: mchana kutwa kibandani karibu na geti, saa nne usiku anafunguliwa, alfajiri anarudishwa. Anasikia kila pikipiki, anaona miguu ya wapita njia chini ya mabati, na hamfikii yeyote. Kwa miezi, kila mgeni anakuwa kelele isiyokwisha. Siku mtu wa gesi anapoingia na mtungi begani na kibanda hakijafungwa sawasawa, matokeo hayana uhusiano na jina la ukoo.

La pili ni umri. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, mtoto wa mbwa anajifunza kipi duniani ni cha kawaida: watoto wanaokimbia, mwavuli, kofia ya bodaboda, mtu mwenye mkongojo. Aliyekosa hayo akafungiwa "asizoee watu ili awe mkali" anakua mwoga, na mwoga mwenye meno ndiye huuma asiyestahili. Mwizi anajua kumrushia nyama. Anayeumwa ni mtoto wa jirani, au dada wa kazi aliyeingia jana.

Kanuni ya wajibu, kipande kwa kipande

Anzeni na geti, kwa sababu matukio mengi yanapitia hapo. Nyumba yenye mbwa anayeachiwa uani iwe na mageti mawili, nafasi ya mita 1.5 hadi 2 kati yake, na lisifunguliwe moja kabla jingine halijafungwa. La ndani liwe na springi ya kujifunga lenyewe na komeo juu, kama mita 1.5, ambako mtoto hafiki. Uwazi chini ya geti uwe mdogo iwezekanavyo. Ukiwa mkubwa, mbwa atapitisha pua na mtoto atapitisha mkono. Ua uwe na urefu wa mita 1.8 kwa mbwa mkubwa, na mapipa au matofali yasipangwe kando ya ukuta, kwani hizo ni ngazi. Nyumba isiyo na nafasi ya geti la pili iwe na kibanda chenye kufuli na kengele nje: mgeni anabonyeza, mbwa anafungiwa, ndipo geti linafunguliwa.

Mnyororo si badala ya ua. Mbwa anayefungwa kwa mnyororo mchana kutwa hujifunza kwamba hawezi kukimbia anapoogopa, na njia inayobaki ni kuuma. Kanuni iseme wazi kuwa kufunga kwa mnyororo ni kwa dakika, si kwa siku.

Nje ya nyumba, kamba iwe ya mita 1.5 hadi 1.8, ya nailoni au ngozi. Zile za kujivuta ndani ya kikopo zikataliwe kabisa: zinakatika, na mbwa anaweza kuwa mita tano mbele kabla hujabonyeza breki. Kwenye lifti, mbwa mmoja kwa safari moja, mbwa kwenye kona na mwenyewe akisimama kati yake na mlango.

Kifunga mdomo kinaeleweka vibaya. Kinachofaa ni cha kikapu, cha waya au plastiki, chenye nafasi ya kama sentimita moja mbele ya pua, na ndani yake mbwa aweze kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji. Cha kitambaa kinachobana taya ni cha dakika chache mezani kwa daktari. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Mfunge mdomo umtembeze kwenye jua la Februari, anaweza kuanguka kabla hamjafika duka la kona. Kumzoesha kunachukua wiki moja au mbili. Kwanza weka vipande vya maini ndani ya kikapu aingize pua mwenyewe bila kufungwa. Akishazoea, funga mkanda kwa sekunde chache tu, kisha dakika, na kila mara kitoke kabla hajaanza kukikwaruza. Anayekivalisha kwa nguvu siku ya kwanza atapigana nacho kila siku.

Kisha daftari. Kwa kila mbwa: namba ya nyumba, picha ya uso na ya ubavu, jinsia, uzito, kama amefungwa uzazi, tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ya kurudia, na namba ya chipu kama anayo. Chipu ina tarakimu 15 na huwekwa chini ya ngozi kati ya mabega. Isiyoandikishwa jina la mwenyewe popote haina faida, kwa hiyo ombeni ushahidi wa usajili. Kadi ya chanjo muisome, msiitazame tu: kuwe na stika iliyobanduliwa kwenye chupa ya dawa ikiwa na namba ya toleo, sahihi na muhuri wa daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kadi yenye tarehe ya kalamu tupu ni dalili ya chanjo isiyochomwa.

Akiuma: ngazi za hatua

Kamati nyingi zina adhabu moja tu, "mbwa aondoke", na kwa sababu ni kali mno haitumiki. Tumieni ngazi. Daktari wa mifugo Ian Dunbar alitunga kipimo cha ngazi sita kinachosaidia kweli: ya 1 ni ukali bila meno kugusa, ya 2 meno yamegusa bila kutoboa, ya 3 matobo moja hadi manne yasiyozidi nusu ya urefu wa jino la chonge la mbwa, ya 4 tobo la ndani zaidi ya hapo, ya 5 kuuma mara nyingi kwa kina, ya 6 kifo. Ngazi ya 1 na 2: onyo la maandishi na kukaguliwa geti. Ya 3: gharama zote za hospitali kwa mwenye mbwa, kifunga mdomo nje ya mlango, na mkufunzi. Kuanzia ya 4, mbwa atoke mtaani na habari zifike kwa polisi na ofisi ya mifugo ya kaunti. Hapo mbwa koko na Boerboel wanahukumiwa kwa walichofanya.

Aliyeumwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mafuta ya taa, pilipili, majani, vyote visiguse kidonda. Chanjo ya aliyeumwa isisubiri kuona mbwa atakuwaje. Na mbwa asiuawe na umati: akiwa hai anafungiwa na kuangaliwa siku 10, na akimaliza akiwa mzima, hakuwa anaambukiza alipouma. Akipondwa kichwa kwa mawe, ubongo unaohitajika maabara umeharibika.

Mbwa anakotoka

Hapa marufuku haisemi lolote, na ndipo tatizo huzalishwa. Mnunuzi anayetaka kusajili mbwa mtaani aulizwe alikomtoa. Mzalishaji wa kuaminika humwonyesha mama wa watoto akiwa nyumbani kwake, na mama huyo anakubali mgeni bila kujikunyata wala kurukia. Mama akifichwa "kwa sababu ni mkali mno", ondoka. Ukali wa woga unarithiwa na unafundishwa. Jike asipandishwe kabla ya miezi 18 hadi 24, wala kuzalishwa kila anapoingia joto la kutaka dume. Kwa German Shepherd na Rottweiler, picha ya eksirei ya nyonga za wazazi wote wawili si anasa: mbwa mwenye maumivu ya nyonga huuma anaposhikwa kiuno, na watoto hushika kiuno.

Mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki 8. Wale wa kando ya barabara, wanaoshikiliwa madirishani mwa magari, mara nyingi wana wiki tano au sita, na kama parvo, kirusi cha kuharisha kinachoua watoto wa mbwa, imo, dalili huja siku 3 hadi 7 baada ya kuipata, yaani ukiwa umeshafika naye nyumbani. Kirusi hicho hukaa kwenye udongo wa uani miezi mingi, kwa hiyo usinunue mwingine wiki inayofuata. Masikio yaliyokatwa ili aonekane wa kutisha ni sababu ya kutomnunua: mbwa huonya kwa masikio, na huyo ameondolewa onyo moja.

Kwa hiyo, ipi?

Mtaa wa nyumba zenye ua, Buruburu, Lang'ata au Runda: kanuni ya wajibu bila orodha, mkazo ukiwa kwenye mageti. Ploti ya ghorofa yenye ngazi nyembamba na watoto wengi, Pipeline kwa mfano: kikomo cha uzito. Kilo 15 ni kiwango kinachojadilika, na anayezidi ahitaji kibali cha kamati baada ya kukaguliwa. Kama hamna mtu wa kushika daftari na hamtampata, msijidanganye kwamba orodha itawalinda. Chagueni mambo matatu tu: kadi ya chanjo kila mwaka, kamba nje ya mlango, na hakuna mbwa anayeachiwa kwenye eneo la pamoja, hata usiku.

Mbwa waliopo wapewe siku 60 za kutimiza masharti. Atakayelazimika kuondoka asipelekwe dampo au kuachwa barabara ya nje. Huko anakuwa mbwa koko wa mtaa mwingine. KSPCA, shirika la kulinda wanyama lililoko Karen, hupokea wanyama. Anayempa ndugu shambani aandike kwenye karatasi lini mbwa huyo aliuma, nani, na alikuwa anafanyiwa nini wakati huo, kisha karatasi isafiri pamoja na kadi ya chanjo.